Maswali ya Wasomaji: Nauli ya Anga za Juu Hulipwa na Nani?

Barua zilizofuata makala yetu ya toleo lililopita, iliyowahusu watu binafsi wanaolipa ili wapelekwe anga za juu, zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote ziliuliza habari za fedha. Tumechagua zile ambazo maswali yake yanajibika kwa takwimu zilizokwisha kutangazwa, na tumezifupisha kidogo.

SWALI: Nimesoma kwamba mafuta ya kujaza roketi ya Falcon 9 hayafiki hata nusu milioni ya dola, ilhali kiti kimoja cha kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kimeuzwa kwa dola milioni 55. Tofauti hiyo kubwa inaingia mfukoni mwa nani? (Mwalimu wa hesabu)

JIBU: Kuhusu mafuta uko sahihi. Elon Musk, mwanzilishi wa kampuni ya SpaceX, amewahi kueleza kwamba mafuta na oksijeni ya Falcon 9 hugharimu kati ya dola 200,000 na 300,000 kwa safari moja. Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba roketi ni kama gari, ambalo likishanunuliwa hubaki kulijaza mafuta tu na kulitia barabarani.

Tuichukue safari ya Ax-1 ya Aprili 2022, iliyoandaliwa na kampuni ya Axiom Space. Ndani ya chombo walikuwamo watu wanne, lakini waliolipa ni watatu: Larry Connor, Mark Pathy na Eytan Stibbe, ambao kila mmoja wao aliripotiwa kutoa dola milioni 55. Kiti cha nne kilikaliwa na kamanda, Michael López-Alegría, mwanaanga mstaafu wa NASA aliyekuwa ameajiriwa na Axiom, kwa kuwa abiria wanaolipa hawawezi kuachiwa chombo peke yao. Kwa hiyo mapato ya safari nzima yalikuwa takribani dola milioni 165. Mwaka huohuo, mteja aliyetaka kurusha setilaiti kwa Falcon 9, isiyobeba mtu yeyote, alitajiwa bei ya dola milioni 67. Hapo zaidi ya theluthi moja ya nauli imekwisha kuondoka, na bado hatujagusa chombo wanachokalia abiria.

Chombo hicho, Crew Dragon, kina uzito wa takribani tani 12 kinaporushwa, na hubeba watu wanne; maana yake ni kwamba kila abiria husafiri na tani tatu za kuta, ngao ya joto, parachuti, hewa, maji, mitambo ya kompyuta na injini za kumwokoa iwapo roketi itaharibika. Kikirudi baharini husubiriwa na meli maalumu, kisha hufunguliwa, hukaguliwa na kutengenezwa kabla ya kuruka tena. Sehemu ya kwanza ya roketi hurudi na kutua wima, lakini sehemu ya pili, pamoja na injini yake, haiokolewi, hivyo kila safari huanza na sehemu mpya kabisa.

Kisha kuna malipo ya malazi, na hapa orodha ya bei ya NASA inafurahisha kuisoma. Mwaka 2019 shirika hilo lilitangaza kwamba mgeni angetozwa takribani dola 35,000 kwa usiku mmoja. Miaka miwili baadaye likakiri kwamba bei hiyo haikufidia gharama zake, likaibadilisha: dola milioni 5.2 kwa kila safari kulipia muda wa wanaanga wenyeji, milioni 4.8 kwa ajili ya mipango na usimamizi, na dola 2,000 kwa siku kwa chakula cha mtu mmoja. Chakula hicho si cha anasa. Kinachotozwa ni gharama ya kukipandisha huko juu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti unayoiulizia haingii mfukoni mwa mtu mmoja, bali inagawanywa kwa maelfu ya mafundi, wakaguzi, wakufunzi na waongoza safari ambao mishahara yao hulipwa mwaka mzima, iwe zimeruka safari mbili au ishirini.

SWALI: Kwa nini safari ya kampuni ya Virgin Galactic au ya Blue Origin iwe nafuu mara mia moja kuliko ile ya kwenda kituoni, ikiwa zote mbili zinafika anga za juu? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Kwa sababu kufika juu ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kubaki huko. Chombo cha New Shepard cha Blue Origin kilikuwa kikipanda kupita kilomita 100, abiria wakielea kwa dakika chache, kisha kikianguka kurudi chini, na safari yote ikimalizika kwa takribani dakika 10. Anayetaka kuizunguka Dunia lazima afikie mwendo wa takribani kilomita 28,000 kwa saa, la sivyo ataanguka vilevile. Ukikokotoa nishati inayohitajika kwa kila kilo moja, ile ya kuizunguka Dunia ni zaidi ya mara 30 ya ile ya safari fupi, na nishati hiyohiyo lazima iondolewe wakati wa kurudi, kwa njia ya joto kali. Ndiyo maana chombo cha safari fupi kinaweza kuwa chepesi na kurudi kizima, ilhali kile cha safari ndefu huhitaji roketi yenye urefu wa mita 70 chini yake.

Hata hivyo, bei za safari fupi zipokee kwa tahadhari. Blue Origin haitangazi nauli yake. Kiti cha kwanza kilichouzwa mnadani Juni 2021 kilifikia dola milioni 28, lakini fedha hizo zilikwenda kwa taasisi ya hisani ya kampuni yenyewe, na mnunuzi wa kitu cha kwanza hulipia pia sifa ya kuwa wa kwanza. Bei ya namna hiyo haituelezi lolote kuhusu mnunuzi wa mia mbili.

SWALI: Je, kuna kampuni yoyote inayopata faida kwa kubeba abiria hawa? Nataka jibu la moja kwa moja. (Mhasibu)

JIBU: Kwa abiria peke yao, katika hesabu zilizowekwa hadharani, hakuna. Mfano ulio wazi zaidi ni Virgin Galactic, kwa sababu iliingia katika soko la hisa la New York mwaka 2019 na tangu hapo inalazimika kutangaza mapato na hasara zake, jambo ambalo mshindani wake Blue Origin halazimiki kulifanya.

Kampuni hiyo ya Richard Branson ilianzishwa mwaka 2004 na kuanza kuuza tiketi kwa dola 200,000. Baadaye bei ilipanda hadi 250,000, na mwaka 2021 ikafika 450,000. Mamia ya watu walijiandikisha mapema, wengi wao kwa zile bei za zamani, wakasubiri kwa miaka mingi. Mwaka 2014 chombo cha majaribio kilivunjika angani na rubani mmoja akafariki. Biashara ya kubeba wateja ilianza rasmi Juni 2023, karibu miaka 20 baada ya tangazo la kwanza, na hata safari hiyo ya kwanza ilikuwa ya maofisa wa Italia, si ya wale waliokuwa kwenye foleni.

Mwaka huo wa 2023, mapato ya kampuni yalikuwa takribani dola milioni 7. Hasara yake ilizidi dola milioni 500.

Ukitaka kuona tatizo lilipo, itazame safari yenyewe. Ndege-mama yenye injini nne ilikibeba chombo cha Unity hadi kimo cha zaidi ya kilomita 13, ikakiachia, injini ya chombo ikawaka kwa takribani dakika moja, abiria wakaelea, kisha chombo kikateleza kurudi kwenye njia ya kutua. Injini hiyo huchoma mafuta magumu ya namna ya mpira, kwa hiyo baada ya kila safari tumbo lake lote hutolewa na kuwekwa jipya. Abiria walikuwa wanne kwa upeo. Hata kama wote wangelipa dola 450,000, safari moja ingeingiza milioni 1.8, na kwa mwendo wa safari moja kwa mwezi, kasi ambayo kampuni iliweza kuifikia kwa muda mfupi tu, mwaka mzima ungeingiza chini ya milioni 22. Hakuna ubanaji wa matumizi unaoweza kuzikutanisha milioni 22 na gharama za mamia ya milioni.

Ndiyo sababu Juni 2024, baada ya safari saba za wateja, Unity kilistaafishwa na fedha zilizobaki zikaelekezwa kwenye vyombo vipya vinavyoitwa Delta. Lengo lililotangazwa ni abiria sita na hadi safari nane kwa mwezi kwa kila chombo. Kwa nauli ya dola 600,000, ambayo kampuni imekwisha kuitaja, hesabu hugeuka kuwa karibu milioni 29 kwa mwezi. Katika hesabu hiyo nauli imepanda kwa theluthi moja tu, abiria wameongezeka kwa nusu, na idadi ya safari imeongezeka mara nane. Uhai wote wa kampuni, kwa maoni yangu, umefungwa katika tarakimu hiyo ya mwisho, ambayo pia ndiyo ngumu kuliko zote kuitimiza.

Blue Origin ina njia nyingine ya kuishi: mwaka 2017 Jeff Bezos, mwanzilishi wake na wa Amazon, alisema kwamba huuza hisa zake za Amazon zenye thamani ya takribani dola bilioni moja kwa mwaka ili kuigharimia. Mwenye mfuko wa namna hiyo anaweza kuvumilia hasara kwa muda ambao soko la hisa lisingemvumilia mwingine.

SWALI: Inasemwa kwamba matajiri hawa wanajilipia wenyewe na hawamgharimu mlipa kodi hata senti moja. Ni kweli? (Mwanafunzi wa uchumi)

JIBU: Ni nusu ya kweli, na nusu iliyofichika ndiyo yenye mafunzo zaidi. Turudi kwa Dennis Tito, mfanyabiashara wa Marekani aliyelipa takribani dola milioni 20 na kupelekwa kituoni na Warusi Aprili 2001. Wengi huitumia bei hiyo kama kipimo cha gharama ya safari, nao hukosea. Wakati ule chombo cha Soyuz kililazimika kubadilishwa kila baada ya miezi kama sita, kwa sababu ndicho kilichokuwa mashua ya kuokolea wakazi wa kituo. Chombo kingeruka, Tito awepo asiwepo. Kiti cha tatu kilikuwa wazi, na shirika la anga la Urusi lilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha. Tito hakulipia roketi. Alilipia kiti ambacho kingekwenda kitupu, na kwa muuzaji aliyekaukiwa, milioni 20 zilikuwa karibu faida tupu.

Hadi mwaka 2009 watu saba walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, akiwamo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2002, na mmoja wao, Charles Simonyi, alikwenda mara mbili. Kisha soko likafa ghafla, ingawa matajiri hawakuwa wamepungua. Mwaka 2009 wakazi wa kituo waliongezwa kutoka watatu hadi sita, na mwaka 2011 Marekani ikastaafisha vyombo vyake vya kubeba wanaanga vilivyoitwa shuttle. Viti vya Soyuz vikawa ndiyo njia pekee ya kufika kituoni, mnunuzi mkuu akawa NASA, na muuzaji akafanya kile ambacho mwenye ukiritimba hufanya: bei ambayo mwaka 2006 ilikuwa kama dola milioni 21 ilipanda mpaka kuvuka milioni 80 mwishoni mwa muongo uliofuata. Wateja binafsi walirudi kwenye Soyuz Desemba 2021 tu, baada ya Crew Dragon kuanza kuwabeba Wamarekani na viti kuwa wazi tena.

Na hiyo Crew Dragon yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2014 NASA iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 2.6, na Boeing bilioni 4.2, ili kila moja iunde chombo cha kubeba wanaanga. Masharti yaliiachia kampuni umiliki wa chombo na haki ya kuwauzia wengine viti. Kituo chenyewe kilijengwa kwa fedha za serikali za mataifa mengi. Kwa hiyo mlipa kodi hakumnunulia tajiri tiketi, lakini alilipia usanifu, majaribio na nyumba ya kufikia. Sisemi kwamba yalikuwa matumizi mabaya, kwani serikali ilihitaji usafiri huo kwa watu wake, na iliupata kwa bei iliyo chini ya ile ya Warusi. Nasema tu kwamba anayeitaja nauli kama gharama kamili anahesabu paa la nyumba na kusahau msingi.

SWALI: Je, wanunuzi bado ni mabilionea tu? (Msomaji)

JIBU: Wanabadilika. Baada ya Ax-1 viti vya Axiom vimezidi kununuliwa na serikali: Saudi Arabia ilipeleka wawili katika Ax-2 mwaka 2023, Ax-3 ya Januari 2024 ilibeba watu wa Italia, Uturuki na Sweden, na Ax-4 ya Juni 2025 ilibeba watu wa India, Poland na Hungaria. Nchi isiyo na roketi ya kubeba watu sasa inaweza kununua kiti badala ya kusubiri zamu ya kualikwa. Kwa muuzaji, taifa ni mteja bora kuliko tajiri, kwa sababu tajiri akishakwenda mara moja kwa kawaida ameridhika, ilhali taifa lina utafiti wa kuendeleza na bajeti ya kila mwaka.

SWALI: Ikitokea ajali, familia ya abiria italipwa fidia na nani? (Wakala wa bima)

JIBU: Nitaijibu kwa sheria ya Marekani, kwa kuwa kampuni tulizozitaja hurusha vyombo vyake chini ya sheria hiyo. Tangu mwaka 2004 sheria humtambua abiria kama mshiriki wa safari anayeikubali hatari kwa hiari yake. Kabla ya kuondoka huelezwa kwa maandishi kwamba serikali haijakithibitisha chombo kuwa salama kwa kubeba watu, naye huweka sahihi. Mamlaka ya usafiri wa anga inawalinda watu walio chini, ambao mrushaji hulazimika kuwakatia bima. Lakini kuhusu usalama wa abiria imezuiwa kutunga kanuni, isipokuwa katika mazingira machache, na zuio hilo limekuwa likiongezewa muda mara kwa mara, mara ya mwisho mpaka Januari 2028.

Unafuu huo ni ruzuku isiyoandikwa katika bajeti yoyote. Ndege ya abiria huthibitishwa kwa miaka na kwa fedha nyingi mno, na kama vyombo hivi vingebebeshwa masharti hayohayo leo, sidhani kama kimojawapo kingekuwa kinauza tiketi. Wewe uliye katika bima utaelewa upande wa pili: vyombo vya shuttle viliruka mara 135 na viwili vikapotea pamoja na watu wote 14 waliokuwamo, na vyombo vya sasa havijaruka mara za kutosha kumpa mkadiriaji takwimu za kutegemea. Familia, kwa hiyo, itategemea bima ya maisha aliyojikatia marehemu, iwapo aliipata, na yale iliyoyaandika kampuni katika mkataba wake.

SWALI: Ndege nazo zilianza kwa matajiri, na leo zinabeba kila mtu. Kwa nini roketi zisifuate njia hiyohiyo? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Ndege zilikuwa na kitu ambacho safari hizi hazina: shehena nyingine ya kulipia njia. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1925 ilizipa kampuni binafsi mikataba ya kubeba barua za posta, na mapato hayo yaliziweka hai kabla abiria hawajatosha. Zaidi ya hapo, abiria wa ndege alikuwa na mahali pa kwenda na jambo la kufanya, na wiki iliyofuata alirudi tena.

SpaceX inakaribia kuwa na posta yake, yaani setilaiti. Falcon 9 huruka mara nyingi kwa sababu hubeba setilaiti za intaneti za kampuni yenyewe, na abiria hunufaika na mazoea na uzoefu huo bila kuugharimia. Roketi kubwa ya Starship, ambayo bado iko katika majaribio, imekusudiwa kurudisha sehemu zake zote mbili. Ikifanikiwa, gharama ya kutupa sehemu ya pili itatoweka. Lakini usiitie bei yake katika hesabu kabla haijabeba mtu. Tajiri wa Japani, Yusaku Maezawa, alitangaza mwaka 2018 kwamba angeitumia kuuzunguka Mwezi pamoja na wasanii. Mwaka 2024 aliufuta mpango huo kwa kuwa hakujua chombo kingekuwa tayari lini.

Swali la mahali pa kwenda ni gumu zaidi. Kituo cha sasa kimepangwa kutumika hadi mwaka 2030, na NASA huruhusu ziara mbili tu za binafsi kwa mwaka. Kampuni kadhaa zinabuni vituo vya biashara vya kukirithi, lakini mwekezaji wa kituo anataka kwanza kuona nauli imeshuka, na mwenye roketi anataka kwanza kuona kuna kituo cha kupeleka watu. Kwa sasa mteja pekee anayeweza kuwaahidi wote wawili mapato ya uhakika ni serikali.

SWALI: Nina akiba. Ninunue hisa za kampuni za namna hii? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Safu hii haitoi ushauri wa uwekezaji, ila inaweza kukuonyesha pa kutazama. Februari 2021 hisa moja ya Virgin Galactic iliuzwa kwa takribani dola 60. Juni 2024 bei ilikuwa imeporomoka chini ya dola moja, na kampuni ikalazimika kuziunganisha kila hisa 20 kuwa moja. Katika ripoti ya robo mwaka tafuta mistari miwili: fedha taslimu zilizobaki na fedha zilizotumika katika kipindi hicho. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata idadi ya robo mwaka ambazo kampuni inaweza kuishi bila kukopa wala kutoa hisa mpya. Ulinganishe muda huo na tarehe iliyotangazwa ya safari za kwanza za vyombo vipya, kisha kumbuka kwamba tarehe za namna hiyo zimekwisha kuahirishwa mara nyingi.